Thomas, Nia na swali la fayamani

Katika nyumba nyingi za Kampala, Jinja na Tororo, treni ya kwanza anayoijua mtoto ni ya buluu, ina namba 1 ubavuni na ina uso. Anaijua kwa jina, Thomas wa katuni, wenzake anawajua kwa rangi zao, na wimbo wake ukilia kwenye simu ya mama, uji unapoa. Treni ya pili, ile ya kweli inayopita Nakawa ikivutwa na kichwa cha dizeli, huenda asiione mpaka aanze shule. Akiiona, huuliza mbona haina macho.

Wakati huohuo kuna watu wazima, wenye ndevu na ajira zao, ambao nao wanamfuatilia Thomas kwa ukali kuliko watoto. Hawa ni wapenzi wa reli: watu wanaojua idadi ya magurudumu ya kila injini, wanaopiga picha madaraja, wanaoweza kubishana jioni nzima kuhusu upana wa njia ya reli. Wengi wao hawawezi kuitazama katuni anayoitazama mtoto wako leo, lakini ile waliyokua nayo wao wanaitetea kufa na kupona. Mzazi akiingia katikati ya mabishano hayo hajui ashike lipi. Thomas yupi? Wa vitabu, wa vinyago vya studio, wa kompyuta, au huyu mpya anayerukaruka? Kwa nini mmoja asifiwe na mwingine atukanwe? Na sisi wa Uganda, ambao jina la nchi yetu lilipewa reli miaka mingi kabla reli hiyo haijafika Kampala, tunaingia wapi?

Jibu linaanzia kitandani kwa mtoto mgonjwa.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kasisi wa Kianglikana aitwaye Wilbert Awdry alikuwa akiishi Birmingham, Uingereza, na mwanawe Christopher alikuwa amelala na surua. Ili mtoto atulie chumbani, baba akawa anamsimulia visa vya injini za mvuke zenye tabia za watu. Christopher hakuwa wa kuridhika upesi. Injini hii inaitwa nani? Mbona imenuna? Ikawaje baadaye? Na kesho yake baba akisimulia tofauti, mtoto anamkamata. Awdry akaanza kuandika ili asijichanganye. Kitabu cha kwanza kilitoka 1945, na Thomas hayumo kabisa. Aliingia katika kitabu cha pili, 1946, baada ya Awdry kumchongea mwanawe injini ndogo ya mbao na mtoto kudai kwamba nayo iwe na visa vyake.

Kusema injini zinaongea hakukuwa mzaha kwake. Alipokuwa mdogo familia yao ilihamia Box, kijiji kilichoko kando ya njia kuu ya reli ya Great Western, mahali ambapo treni nzito hupanda mlima zikisukumwa na injini ya pili. Usiku kitandani alisikia ya mbele ikihema kwamba haiwezi na ya nyuma ikijibu kwamba inaweza. Mtu yeyote aliyewahi kusikia injini ya mvuke ikipanda mlima anajua si ndoto: kila pistoni ikisukuma, mvuke unatoka kwenye bomba la moshi kwa mpigo, na mzigo ukizidi mipigo inakuwa mizito na ya polepole, kama pumzi. Mbele kuna mlango wa duara wa chemba ya moshi, saizi na umbo la uso. Mashine hii ilikuwa karibu kuwa mtu kabla kasisi hajaigusa. Kichwa cha dizeli, pamoja na heshima zake zote, ni kontena lenye honi, na sishangai mtoto wa Namanve anakitafuta macho asiyaone.

Sasa, Thomas ni injini ya aina gani? Kwa mpenzi wa reli swali hili halirukwi. Injini nyingi kubwa za mvuke huvuta nyuma yake behewa dogo la makaa na maji. Thomas hana behewa hilo. Maji yake yako kwenye matangi mawili yaliyoning'inizwa ubavuni, yale mabapa ya buluu yenye namba 1, na makaa yake yako mgongoni. Kwa hiyo ni mfupi, anaenda mbele na nyuma bila shida ya kuona, lakini hafiki mbali kabla ya kiu kumshika. Injini za namna hiyo zilipewa kazi za karibu: kupanga mabehewa stesheni, kuvuta treni za matawi. Ndiyo maana katika visa vya mwanzo Thomas ni kijana wa kutumwa, anawaletea wakubwa mabehewa yao na kuwakejeli kwa uvivu, na ndoto yake ni kupewa tawi lake mwenyewe. Tabia imetoka kwenye kazi ya mashine.

Umbo lake mchoraji alilichukua kwenye injini za kweli za daraja la E2 za reli ya London, Brighton na South Coast. Zilijengwa kumi tu, kati ya 1913 na 1916, na tano za mwisho ndizo zilizokuwa na matangi marefu yanayofika mbele kama ya Thomas. Zote zilikatwa vyuma chakavu, na kufikia 1963 haikubaki hata moja. Injini maarufu kuliko zote duniani haina ndugu aliye hai wa kutembelewa makumbusho.

Nje ya umbo, kuna kanuni. Awdry hakuibandika ukutani, lakini ukisoma visa vyake unaigusa kila ukurasa: injini inaweza kuwaza, kuringa, kununa na kusengenya, ila haiwezi kufanya jambo ambalo injini ya kweli ya aina yake isingeliweza. Roho ni yake, lakini breki ni ya dereva. Kuna kisa cha 1961 ambamo Thomas anajigamba kwamba tawi lake analijua kiasi kwamba hahitaji mtu wa kumwendesha. Msafishaji asiye makini anachezea vifaa ndani ya chumba cha dereva na kuondoka. Asubuhi moto unawashwa, presha inapanda, na Thomas anajikuta anatoka bandani peke yake. Kwanza ni raha tupu. Halafu anataka kusimama na hawezi, kwa sababu breki inataka mkono. Anaishia ndani ya nyumba ya mkuu wa stesheni, familia ikiwa mezani inakula kifungua kinywa. Mtoto anacheka mpaka machozi. Mpenzi wa reli naye anatabasamu kwa sababu yake nyingine: valvu ya mvuke ikiachwa wazi kidogo wakati boila ni baridi, hayo ndiyo hasa yanayotokea presha ikipanda.

Au chukua kisa cha Henry na treni ya samaki ya alfajiri. Theluji imelemea mkono wa ishara ukashuka, na kwa mfumo wa wakati ule mkono ulioshuka maana yake ni njia nyeupe, pita. Henry anapita na kugonga treni ya mizigo. Mwaka 1876 huko Abbots Ripton, Uingereza, theluji iligandisha ishara vivyo hivyo na watu wakafa, na baada ya ajali ile namna ya kutumia ishara ilibadilishwa. Mtoto wa miaka minne amepewa somo la usalama wa reli bila kujua, ndani ya kisa cha samaki waliomwagika.

Hapa nimlete mzee mmoja wa Tororo, fayamani mstaafu, yaani mtunza moto wa injini ya mvuke, wa enzi za East African Railways, ambaye nilikaa naye barazani mjukuu wake akitazama Thomas wa siku hizi kwenye simu. Mzee alichungulia kwa muda mrefu, akasogeza miwani.

"Fayamani wake yuko wapi?"

"Hana, jjajja. Anajiendesha."

"Na moto anawashiwa na nani?"

Mtoto akainua mabega. Mzee akanigeukia mimi. "Basi hii si treni, mwanangu. Huyu ni mtoto aliyevaa treni."

Kisha akaanza kueleza kazi, na alipoanza hakukuwa na wa kumzuia. Kwao, alisema, makaa yalikuwa ya hadithi za wazee wake. Wao walichoma mafuta mazito. Fayamani alikaa na mkono kwenye valvu na jicho kwenye bomba la moshi. Moshi ukiwa mweusi tii, mafuta yamezidi na unayapoteza. Moshi ukikosekana kabisa, hewa imezidi na moto unapoa. Mnaenda na ukungu mwembamba tu wa kijivu. Masizi yakijaa kwenye mabomba ya boila, unachota mchanga kwa kibeleshi na kuutupa kwenye tanuri injini ikiwa inavuta kwa nguvu, mchanga unafyonzwa, unasugua mabomba, na kwenye bomba la moshi linatoka wingu jeusi ambalo, akasema, "ukipita karibu na nguo zilizoanikwa, akina mama wanakulaani mpaka stesheni ya pili." Na wakati wote huo kuna kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya kioo, paa la tanuri linabaki wazi juu ya moto, na boila inaweza kupasuka. "Kioo ndicho kilikuwa bosi," alisema, "dereva ni wa pili."

Swali lake la fayamani ndilo kipimo kizuri kuliko vyote nilivyosikia cha kutofautisha Thomas mmoja na mwingine. Ukilishika, mabishano ya wakubwa yanaeleweka.

Runinga ilimchukua Thomas mwaka 1984. Mtayarishaji Britt Allcroft alitengeneza mfululizo uliopigwa picha kwa vinyago vya kweli, reli za kweli, na moshi uliotolewa na kifaa ndani ya kinyago. Macho yalizungushwa kwa rimoti. Midomo haikusogea hata kidogo: kila injini ilikuwa na nyuso kadhaa, ya furaha, ya hasira, ya kushtuka, na uso ulibadilishwa kati ya picha na picha. Sauti zote zilitoka kwa mtu mmoja, msimuliaji, na wa kwanza alikuwa Ringo Starr, mpiga ngoma wa The Beatles. Mganda aliyekulia kwenye vibanda vya video hahitaji kuelezwa zaidi. Ni kazi ya VJ: mtu mmoja nyuma ya maikrofoni anakuwa shujaa, adui, mama mkwe na mbwa, na kibanda kizima kinamwamini.

Visa vingi vya misimu ya mwanzo vilitolewa moja kwa moja kwenye vitabu, na kanuni ikaja navyo. Dereva yupo, fayamani yupo, maji yanaisha. Lakini runinga inakula visa haraka kuliko kasisi anavyoviandika, na watengenezaji wakaanza kubuni vyao. Awdry mwenyewe ndiye shabiki wa kwanza kulalamika. Msimu wa tatu ulipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kisa ambamo Henry anasimama njiani kutazama msitu anaoupenda. Kasisi alikasirika: treni haisimami tu katikati ya njia bila ulinzi, kuna kanuni ya reli inayokataza, treni ya nyuma itakuja kukugonga. Watu walimwona mkorofi. Mimi namwelewa, na nina hakika mzee wa Tororo angemwelewa zaidi. Kwao wawili huu haukuwa ushairi wa msitu, ulikuwa mwanzo wa ajali.

Awdry alifariki 1997. Kuanzia karibu na 2010 vinyago viliondolewa na kompyuta ikachukua nafasi. Midomo ikaanza kusogea na kila mhusika akapewa sauti yake. Mwaka 2012 kampuni ya Mattel, wenye Barbie, ikawa mmiliki. Mwaka 2021 ukaja mfululizo mpya kabisa wa michoro bapa. Injini zimekuwa watoto wenyewe: zinaruka, zinacheza, zinazungushana kama wako uwanjani, na wafanyakazi wa reli wameyeyuka. Mashabiki wakubwa walilipuka. Huyo ndiye aliyekuwa kwenye simu ya mjukuu.

Je, wana haki? Kwa sehemu. Wanachokililia si utoto wao peke yake, ingawa upo. Wanalilia mkataba uliokuwa ukiwafaa watu wawili kwa wakati mmoja: mtoto alipata uso, mpenzi wa reli alipata mashine, na hakuna aliyedanganywa. Mkataba ukivunjwa, mtoto hapungukiwi na kitu siku ileile. Uso anao bado. Anayepungukiwa ni baba aliyekuwa amekaa naye. Na kwa maoni yangu hasara inamrudia mtoto baadaye, kwa sababu baba akiondoka sebuleni hakuna wa kumweleza boila ni nini. Ila nisiwaonee watengenezaji: mtoto wa miaka miwili hajali ishara wala kanuni, na mfululizo mpya haukuficha kwamba umelengwa kwake.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa reli hulisahau wakiwa na hasira. Thomas ndiye aliyewalipia mafuta. Reli ya taifa ya Uingereza iliendesha treni yake ya mwisho ya mvuke kwenye njia kuu mwezi Agosti 1968, na injini zikapelekwa kukatwa kwa mamia. Zilizookolewa ziliokolewa na watu wa kujitolea waliofufua njia fupi zilizofungwa na kuziendesha wikendi. Talyllyn, huko Wales, ndiyo iliyoanza mwaka 1951, na Awdry alikwenda kufanya kazi pale ya kujitolea mwaka uliofuata. Lakini kukarabati boila ni gharama za kutisha, na wazee wanaopenda magurudumu hawatoshi kujaza mabehewa. Familia zenye watoto zinatosha. Reli ya Nene Valley ina injini ya buluu ambayo Awdry mwenyewe aliipa jina la Thomas mwaka 1971, na siku maalumu za Thomas, injini halisi ikibandikwa uso mbele, zimekuwa tegemeo la reli nyingi za namna hiyo. Japani nako reli ya Oigawa imemvisha injini yake moja rangi ya buluu na uso tangu 2014. Tiketi ya mtoto anayepiga kelele ndiyo inayonunua bomba jipya la boila la babu anayenung'unika.

Uganda hatuna treni ya mvuke inayotembea, kwa hiyo mzunguko huo hapa umegeuka. Mtoto wa Kiingereza wa 1946 alizijua injini stesheni, kisha akakutana nazo kitabuni. Wa kwetu anakutana nazo kwenye kioo, na reli inabaki kuwa kitu anachovuka akiwa mgongoni mwa boda. Hapo ndipo Nia anapokuwa na maana.

Nia aliingia mwaka 2018, Mattel ilipotaka Thomas atoke kisiwani kwao Sodor azunguke dunia, kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa. Ni injini ya rangi ya chungwa yenye nakshi, anatoka Kenya, na baada ya safari anahamia kwa akina Thomas na kupewa nafasi katika banda lao. Watoto wengi wa Kampala wanamjua kuwa ni "yule wa kwetu" na wanaishia hapo. Wapenzi wa reli waliinama kuangalia magurudumu. Ana kumi: mawili madogo mbele, sita makubwa ya kuvuta, mawili madogo nyuma, na matangi ubavuni. Hilo ni umbo la daraja la ED1 la Kenya and Uganda Railways, injini zilizojengwa na Vulcan Foundry ya Uingereza kati ya 1926 na 1930 kwa kazi za stesheni na za njia fupi. Mwaka 1948 reli hiyo ilipounganishwa na ya Tanganyika kuwa East African Railways, zikaitwa daraja la 11. Yaani katika kundi zima lile la Waingereza, mmoja ni mtu wetu kwa cheti: jina la Uganda lilikuwa kwenye reli iliyomwagiza.

Magurudumu yale madogo si urembo. Thomas ana sita tu, yote ya kuvuta, kwa sababu reli za kwao ni nzito na njia imenyooka. Huku reli zilikuwa nyepesi na kona ni kali. Magurudumu ya mbele huielekeza injini kwenye kona kabla uzito haujafika, ya nyuma hubeba sehemu ya mzigo na hufanya kazi hiyohiyo ikirudi kinyumenyume.

Sasa kuna tatizo ambalo katuni ililikanyaga kimyakimya. Reli ya Sodor ina upana wa milimita 1,435, ule wa kawaida wa Uingereza. Reli yetu ya zamani, kutoka Mombasa mpaka Kampala na Kasese, ina milimita 1,000. Nia wa kweli akishushwa Sodor magurudumu yake yangetua katikati ya reli mbili, juu ya mataruma. Thomas akiletwa Kampala hali ingekuwa mbaya zaidi, yake yangetua nje. Watengenezaji walimpanua Nia bila maelezo na mtoto hakuuliza. Katika safari ileile Thomas anakutana na Garratt mkubwa aitwaye Kwaku, jina la Kiakan kutoka Ghana. Kwa injini ya umbo lililotawala Afrika Mashariki wangeweza kupiga simu Kisumu wakapewa jina la huku. Garratt, kwa asiyezijua, ni boila moja ndefu iliyobebwa katikati ya seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja kivyake, ili nguvu iwe kubwa na kona ipitike. Za daraja la 59 zilizokuja mwaka 1955 na 1956 zilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na hakuna injini ya mvuke ya njia ya mita moja iliyozizidi ukubwa popote. Zilipewa majina ya milima yetu, Elgon na Ruwenzori ikiwamo. Ukinionyesha mtoto wa Mbale ambaye hatafurahi kusikia kwamba mlima wake ulikuwa treni, nitashangaa.

Mzazi anayetaka kugeuza kioo kuwa safari ana mahali pa kuanzia. Jinja pana makumbusho ya reli penye stesheni ya zamani, na kwa familia ya Kampala ni mwendo wa siku moja. Treni ya abiria ya asubuhi na jioni kati ya Kampala na upande wa Namanve imekuwa ikisimama na kurudi tangu 2015, kwa hiyo ulizia kabla ya kumwahidi mtoto, maana mtoto aliyeahidiwa treni hasahau. Ukifika Nairobi, makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971 yana injini ya ED1, jamaa wa damu wa Nia, na pia Garratt namba 5918, Mount Gelai. Mpandishe chumba cha dereva. Mwonyeshe kioo cha maji na mlango wa tanuri. Uso hataukuta, lakini nimeona watoto wakiuweka wenyewe baada ya dakika chache, na hawakosei mahali.

Kuhusu vinyago, vingi hapa vinafika kwa mitumba. Soko la Owino, Kampala, utakuta Thomas wa mbao, wa plastiki na wa chuma wamechanganywa katika gunia moja, na wauzaji wanawauza kama ndugu. Si ndugu: wa mbao huungana kwa sumaku, wa plastiki wa betri wengi kwa ndoano, na reli zao haziingiliani. Sumaku za wale wa mbao zina upande. Behewa likigeuzwa vibaya linasukumana badala ya kushikana, na mtoto akilitambua hilo peke yake amejifunza fizikia kwa shilingi elfu chache. Ila kuna tahadhari ya kweli. Mwaka 2007 kampuni ya RC2 iliyokuwa ikivitengeneza vile vya mbao iliita virudishwe vipande karibu milioni 1.5 huko Marekani, kwa sababu rangi yake, hasa nyekundu na ya njano, ilikuwa na madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto. Kinyago cha zamani cha mbao, chekundu, kilichobanduka rangi, kiache sokoni, hata kikiwa cha bei ya bure. Mtoto anayeota meno hatakisoma historia yake, atakitafuna.

Familia nyingine zimemshika Thomas kwa sababu tofauti kabisa. Wazazi wa watoto wenye usonji wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba mtoto wao, ambaye haelewani na katuni nyingine, anatulia na Thomas, na chama cha usonji cha Uingereza kililichunguza jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuwauliza wazazi, kikapata kuwa ni kweli kwa wengi. Ukikumbuka vinyago vya 1984 sababu zinaonekana. Uso mmoja, hisia moja, haubadiliki ghafla katikati ya sentensi. Msimuliaji anakuambia wazi kwamba Thomas amekasirika, na uso unasema hivyohivyo. Kila injini ina namba, rangi na njia yake, vitu vinavyopangika. Mwaka 2022 mfululizo mpya, huohuo unaotukanwa, ulimleta Bruno, behewa la breki lenye usonji, na sauti yake ikapewa waigizaji wenye usonji. Wapo wapenzi wa reli waliomsamehe Mattel kwa hilo peke yake. Na wengi wa hao wapenzi, ukiwauliza, wao wenyewe waliijua ratiba ya treni kwa moyo kabla ya kujua majina ya wanafunzi wenzao.

Kwa hiyo umwekee mtoto Thomas yupi? Chini ya miaka mitatu, huyu wa sasa hana ubaya, ni wimbo na rangi. Akianza kuuliza kwa nini, mrudishe nyuma kwenye misimu ya vinyago, vipande vyake ni vya dakika tano hivi na mtu mzima anaweza kukaa navyo bila kuteseka. Kama Kiingereza kinamsumbua, punguza sauti uwe VJ wake. Kisa kimoja kwa Kiswahili chako kinamtosha, na fayamani usimruke.

Na kwa wanaopenda hesabu za reli: Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi mkataba wa kujenga reli mpya ya umeme ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Upana wake ni milimita 1,435. Kwa vipimo, Thomas atapita humo bila shida, na Nia, mwenye asili ya reli yetu, atabaki kwenye ile ya zamani.